Sketi ya Kumfundishia Farasi

Kumwomba msichana sketi yake si jambo rahisi kwa mwanaume, na Kipkemei aliiomba akiwa ameinama, ameshika ukwato wa farasi mkononi, macho yake hayataki kabisa kuinuka kutoka chini.

Chepngeno alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amepitia kwenye banda la farasi kama alivyozoea kila akitoka kupeleka mayai nyumba kubwa ya mwenye shamba, na njia ya kwao haikupita hapo hata kidogo, lakini mapenzi yana njia zake. Akamwambia arudie. Kipkemei akarudia, masikio yanamwaka moto. Chepngeno akacheka mpaka akashikilia mlango wa banda, naye Kipkemei akamwacha acheke, kwa sababu kicheko cha msichana yule alikipenda kuliko kitu chochote katika shamba zima. Kisha akaeleza.

Bibi wa shamba lile alikuwa mjane wa Kizungu ambaye wafanyakazi wote, kuanzia Njoro mpaka Rongai, walimwita Memsahib Upande. Hakuwahi hata siku moja kupanda farasi kwa kumkalia katikati. Memsahib vijana wa miaka ile walivaa suruali na kukaa kama waume zao, yeye akasema huko ni kukosa adabu. Mama yake alikaa upande, nyanya yake alikaa upande, na yeye angekaa upande mpaka azikwe. Tandiko lake lilikuwa na pembe mbili upande wa kushoto. Mguu wa kulia unapita juu ya pembe moja, wa kushoto unajibana chini ya nyingine, magoti yote yanaelekea upande mmoja, na sketi ndefu inafunika kila kitu. Upande wa kulia hakuna mguu wowote. Fimbo nyembamba ndiyo inayomwambia farasi mambo ambayo mguu ungemwambia.

Sasa farasi wake wa zamani alikuwa amekufa, na Rozi, jike mpya wa rangi ya kahawia, alikuwa hajui sketi ni kitu gani. Na watu wa tandiko hilo wana desturi yao, waliyotoka nayo huko kwao ng'ambo. Kabla bibi hajapanda, saisi anayemtunza farasi hupanda kwanza, amekaa upande vilevile, kitu kimefungwa kiunoni kama sketi, ili farasi akitishika amwangushe saisi. Kipkemei alikuwa amejaribu blanketi. Blanketi lilimlalia Rozi mgongoni kama gunia la viazi, halikupepea, na kinachomtisha farasi ni kile kitambaa kinachopepea. Memsahib hakukubali nguo yake ivaliwe na saisi, akamwambia atafute sketi ya kweli, na asimsumbue tena mpaka aipate.

"Ningemwomba nani?" Kipkemei akauliza. "Nikimwomba mwingine, kesho ni habari ya shamba zima."

"Na mtu akikuona?"

"Hakuna wa kuniona. Nitamfundishia kule nyuma, kwenye mikaratusi. Hakuna anayepita."

Wewe unayesoma unaweza kuona ni kitu kidogo tu, nguo ni nguo. Lakini kwao Kipkemei, kijana huvaa nguo za kike wakati mmoja tu maishani, anapongojea jando, tena nguo hizo huazimwa kwa wasichana. Akishatoka jandoni amezivua kabisa, na mwanaume mzima akizivaa tena amejirudisha utotoni mbele ya macho ya watu. Kipkemei alilijua hilo vizuri. Aliomba kwa sababu Memsahib alikuwa amemwahidi kwamba Rozi akifanya vizuri katika maonyesho ya Nakuru, ile shoo ya farasi, yeye Kipkemei atapewa nyumba ya mawe iliyokuwa ya saisi mkubwa, na kibali cha kukaa humo na mke. Na mke aliyemtaka alikuwa na baba aliyekwishatangaza kwamba binti yake hataolewa na mtu anayelala ukuta mmoja na farasi.

Chepngeno hakucheka tena. Jioni ile akamletea sketi yake ya Jumapili, ya buluu, aliyoshonewa na mama yake na kutiliwa mistari ya uzi mwekundu kwenye upindo. Kipkemei aliipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni. Walitazamana hivyo mpaka Rozi akapiga chafya na kuwaharibia.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika.

Baba yake Chepngeno, Jonah arap Kosgei, alikuwa nyapara katika shamba la jirani, tena mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo. Mdogo wake, Micah, yeye alicheka kwa niaba ya ukoo mzima. Micah alikuwa amekuja kutoka Londiani kwa ajili ya posa, kwa kuwa watu wa Kipkemei walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanakuja juma lile, na wazee wa Chepngeno walikuwa bado hawajamwona kijana mwenyewe. Jina walikuwa nalo, ukoo wake walikuwa wameshauulizia na kuridhika, sura tu ndiyo hawakuijua, wala shamba alilofanyia kazi. Alhamisi ya juma hilo walikuwa wanakwenda wote kumzuru mgonjwa upande wa pili wa shamba la Memsahib, baba, Micah, mama na Chepngeno mwenyewe. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara uji mtupu. Micah akasema wapite nyuma, kwenye mikaratusi.

Chepngeno alijaribu. Alisema huko kuna mbwa. Alisema kuna siafu. Micah akamwambia yeye ameumwa na siafu wa Londiani, hawa wa huku ni wadogo zao. Wakapita nyuma.

Na kule mbele, katikati ya uwanja, wakaona mtu juu ya farasi wa kahawia, amekaa upande, mgongo umenyooka, sketi ya buluu inapepea vizuri ubavuni. Alikuwa amewapa mgongo. Jonah alisimama akatazama, na Chepngeno akamsikia baba yake, mtu asiyesifu kitu, akisifu. Alisema hivyo ndivyo mwanamke anavyotakiwa kukaa, magoti pamoja, si kama hao wengine wanaopanuka kama wamepanda punda. Micah akauliza ni memsahib gani huyo. Mama, Jepkorir, alikuwa anaitazama ile sketi.

Kisha farasi akageuka, na chini ya kofia kukawa na masharubu.

Micah alikaa chini. Si kwamba alitaka kukaa, miguu ndiyo ilimwacha kwa kucheka. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe karibu na ua wakasikia, wakaja, nao wakavunjika mbavu. Kipkemei aliwaona wote kwa pamoja, wazee, akina mama, na kati yao Chepngeno. Mtu mwingine angempiga farasi na kukimbia. Yeye akaona hawa ni wazee wa mchumba wake, na mtu hawasalimii wazee akiwa amekaa juu, kwa hiyo akashuka.

Kushuka kutoka tandiko lile kuna ustadi wake, hasa ukiwa na sketi. Unaikusanya kwanza, unaitoa kwenye pembe, ndipo unaruka. Kipkemei kwa haraka ya adabu aliruka kwanza. Sketi ikanasa kwenye pembe ya juu, akabaki ananing'inia ubavuni mwa farasi, miguu haifiki chini vizuri, suruali yake ya kazi nje yote. Rozi akashtuka, akamburuta akizunguka naye huku anapiga mateke hewani. Kitambaa kilipopasuka ndipo alipoanguka kwenye matope, akainuka, na sketi imemning'inia kiunoni vipande viwili.

"Huyu bado hajatoka jandoni?" Micah akauliza, machozi yanamtoka.

Jonah hakucheka. Alimtazama kijana kutoka kichwani mpaka kwenye upindo, kisha akamgeukia binti yake. Labda aliona kitu katika uso wake, au alitaka tu kujua watu wa shamba lile ni watu wa namna gani.

"Chepngeno," akasema, "wewe unapita hapa kila siku na mayai. Kijana huyu unamjua?"

Kipkemei alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, matope yanamtiririka shavuni. Akamtazama Chepngeno. Hakuwa anamwomba kitu. Alikuwa anangoja tu aseme, ili naye asogee awasalimie wazee kwa jina lake.

"Simjui, baba," Chepngeno akasema.

Na kama angeishia hapo, pengine hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini wale wanawake walikuwa wanamtazama, na Micah naye anamtazama, na hofu ikamsukuma aongeze neno juu ya neno.

"Nani ajuane na mwanaume wa kuvaa sketi?"

Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, kile kicheko chake chote, kichwa nyuma, na wale wanawake wakakipokea.

Kipkemei aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa ujumbe akaupokea. Akamsalimia Jonah kwa heshima, akamwambia kwamba yeye ni saisi, anamfundisha farasi wa Memsahib, na kwamba njia hii huko waendako ni kavu. Jina lake hakulitaja. Akamshika Rozi hatamu, akaenda zake akichechemea, na vipande vya buluu vikimfuata nyuma.

Hayo ndiyo yaliyotokea Alhamisi. Usiku Chepngeno hakulala, na asubuhi hakuweza kula. Aibu ya kuchekwa anaijua kila mtu, nayo hupoa. Aibu ya kucheka inakaa tumboni kama jiwe, na huna wa kumlaumu. Alijaribu kujiambia kwamba alimwokoa Kipkemei, kwamba akija siku ya posa amenyoa masharubu na kuvaa koti, wazee hawatamtambua. Alijaribu sana, lakini kila akifumba macho aliona kile kichwa kikiinama.

Jikoni, mama yake alikuwa anakoroga uji, hamtazami.

"Uzi mwekundu niliununua Nakuru," mama akasema. "Nilishona mistari ile kwa mkono kwa sababu cherehani ya jirani ilikuwa imeharibika."

Chepngeno akajua sketi imetambuliwa. Akakaa kwenye kigoda.

"Ndiye yeye?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Nilijua tangu hajageuka." Akaendelea kukoroga. "Baba yako sikumwambia. Sketi yako umempa, ni yako, na kazi ni kazi. Mimi hilo nimelimeza. Lakini nilikusikia ukicheka, mama. Nilikuwa karibu na wewe. Sikukuzaa na kicheko cha namna ile."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ndio uliomuua Chepngeno. Kama angepigwa na mwiko angeshukuru. Alilia pale kigodani mpaka uji ukaungua, na mama yake akauacha uungue.

Mchana ukaja ujumbe kwamba watu wa Kipkemei hawaji tena. Hawakutoa sababu. Jonah alikasirika, akasema ndiyo maana hataki watu wa mazizi. Micah akasikitika kwa sababu ya chakula. Chepngeno akajifunga leso, akaenda kwenye banda la farasi, na safari hii hakubeba mayai.

Alimkuta Kipkemei anamsugua Rozi kwa majani makavu. Aliendelea kumsugua. Chepngeno akamwambia alikuwa ameogopa. Akamwambia hakujua ulimi wake ungesema vile. Akasema mengi, na mengine alirudia, na Kipkemei alimjibu kwa heshima kama anavyojibiwa mgeni. Sketi ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa na kushonwa kwa mishono mikubwa ya mtu anayeshona magunia na ngozi.

"Hukumdanganya baba yako," Kipkemei akasema mwishowe. "Nimefikiri sana. Mtu akibanwa ghafla ndipo husema anachofikiri."

"Si kweli, Kipkemei."

"Basi ulifikiri nini ulipocheka?"

Chepngeno aliigusa sketi kwenye kamba, akaiacha hapo.

Akaondoka, na kwenye lango akakutana na Memsahib mwenyewe, mkongojo mkononi, uso mwekundu kwa hasira. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja alikuwa anamfokea mpishi kwamba farasi ameharibika. Tangu Alhamisi, Rozi akiona kitambaa kinapepea anasimama miguu miwili. Kipkemei amekataa kuvaa sketi tena, amesema afadhali afukuzwe, na yeye Memsahib, kwa nyonga yake inayouma, akiangushwa haamki. Shoo imekaribia. Farasi atauzwa, na saisi mkaidi atafute kazi kwingine.

Chepngeno alikuwa hajawahi kumsemesha. Aliogopa wazungu, na farasi aliwaogopa zaidi. Lakini alikuwa ameona kwamba mtu akishaonea aibu nafsi yake, kuwaonea aibu watu wengine kunapungua.

"Mimi nitavaa," akasema. "Sketi ni yangu. Unifundishe kukaa, nitapanda mimi."

Memsahib alimtazama muda mrefu. "Wewe? Wewe taka anguka?"

"Ndiyo, Memsahib."

"Basi kesho."

Jumamosi Memsahib alimfundisha kwenye pipa kwanza, kisha juu ya Rozi, uwanjani, lango limefungwa. Alimfokea sana. Bega la kulia nyuma. Goti libane pembe. Usimtazame farasi, tazama unakokwenda. Mara moja tu alilegea, Chepngeno alipokaa sawasawa kwa bahati, akasema hivyo ndivyo mama yake alivyomkalisha yeye, akiwa mtoto, huku ameshika nyuma ya gauni lake asianguke. Kipkemei aliamriwa ashike hatamu, akashika. Alimpandisha kwa kumwekea mkono chini ya mguu, akamrekebishia kikuku cha kukanyagia, akamwinua mara mbili kutoka kwenye tope, na hakumtazama usoni hata mara moja. Hilo lilimuuma Chepngeno kuliko kuanguka.

Jumapili hakwenda kanisani. Alimwambia Kipkemei wamtoe Rozi nje, kwenye barabara kubwa, mahali watu wa kanisa wanapopita.

"Watakuona," Kipkemei akasema.

"Najua."

"Baba yako atapita."

"Ndiyo maana."

Kipkemei akafungua lango.

Watu walitokea kwenye kona kwa makundi, Biblia mikononi, na makundi yakasimama moja baada ya jingine. Wanawake wa majani walikuwemo. Binti wa mzee wa kanisa yuko juu ya farasi, amekaa upande kama mzungu, sketi ya buluu iliyoshonwa kama gunia inapepea. Rozi alitetemeka, akarudi nyuma, na Kipkemei akamsemesha chinichini mpaka akatulia. Hakuna aliyecheka. Chepngeno angependa wacheke, maana ukimya wao ulimvua nguo zaidi. Mwisho wakaja Jonah na Micah, na mama nyuma yao.

"Shuka," baba yake akasema.

"Nitashuka, baba. Nataka kusema kwanza." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaipandisha ili isitetemeke, na hivyo ikawafikia wote. "Kijana huyu ndiye Kipkemei. Ndiye ambaye watu wake walikuwa waje kwetu. Sketi aliyovaa ni hii, ni yangu, mimi nilimpa, na aliivaa ili apate nyumba ya kuniweka. Ukaniuliza kama namjua. Nilimkana. Nikamcheka mbele yako na mbele ya hawa mama. Mwenye aibu hapa si yeye, baba. Ni mimi."

Jonah alisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Aliangalia watu, akaangalia chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake. Akavua kofia, akamsogelea yule saisi, akampa mkono.

"Sikukusalimia siku ile," akasema. "Ulitusalimia kwa adabu, mimi nikanyamaza." Hakungoja jibu. Akamwambia mkewe twende, na watu wakaanza kusogea nyuma yake, polepole, wakigeuka kutazama.

Barabara ilipobaki tupu, Kipkemei aliitoa sketi kwenye pembe mwenyewe, kwa uangalifu, akamshika Chepngeno kiunoni na kumshusha. Hakuondoa mikono mara moja. Na hapo ndipo alipomtazama, na macho yake yalikuwa yaleyale, yaliyojaa mapenzi, yaliyomfanya apitie bandani kila siku na mayai yake.

"Nitawaambia watu wangu waje," akasema.

Chepngeno akauliza, "Lini?"

Kipkemei akamshika Rozi shingoni, kama mtu anayetafuta pa kujishikiza.

"Unajua nilikuwa nakipenda kicheko chako. Ukicheka, hata nikiwa mbali, nilikuwa naacha kazi nisikilize. Ngoja kwanza nikutazame bila kukisikia kile cha Alhamisi. Sijui itakuwa lini, Chepngeno. Nikikudanganya itakuwa mbaya zaidi."

Chepngeno akaitikia kwa kichwa, kwa sababu hata yeye alikuwa bado anakisikia kicheko kile.